SOMO LA TAWI: Kompyuta Ikijizima Yenyewe, Tutafute Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji



Zamani kilo za majani ya chai ziliandikwa na karani kwa kalamu katika kitabu kikubwa. Siku hizi, katika vituo vingi vya kupimia na katika ofisi nyingi za mishahara, kilo hizo huingizwa katika kompyuta. Kompyuta ndiyo inayojumlisha kilo za mwezi, saa za ziada, siku za ugonjwa na michango ya Chama. Kwa hiyo kompyuta ya mezani inapojizima katikati ya kazi, hasara si ya mwajiri peke yake. Kilo zilizoandikwa lakini hazijahifadhiwa hupotea, na mchumaji aliyeingia shambani tangu alfajiri huambiwa kwamba jina lake halionekani.

Iko hasara ya pili. Mashine ikiharibika, mtu wa kwanza kulaumiwa mara nyingi ni yule aliyekaa mbele yake. Karani huandikiwa barua kwamba ameharibu mali ya kampuni, au kwamba anaizima kompyuta kwa makusudi ili kuficha hesabu. Asipojua jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, atajitetea kwa maneno gani? Na sisi wajumbe wa tawi tutasimama naye kwa hoja gani?

Ndiyo sababu tumeandika somo hili. Hatukusudii kumfanya kila mwanachama fundi. Tunataka kila tawi liweze kufanya mambo mawili: kuitazama kompyuta mbovu kwa utaratibu, na kumtetea mwenzetu kwa ushahidi badala ya kelele. Yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa kompyuta ya ofisi ya tawi letu wenyewe.

1. KABLA YA KUSHIKA CHOCHOTE

Kompyuta ikianza kusumbua, watu wengi huanza kuchomoa nyaya, kugonga kisanduku na kubadilisha hiki na kile. Baada ya saa moja hakuna anayejua nini kilikuwa kibovu na nini kimeharibiwa na mikono yetu. Tufanye mambo mawili kwanza.

Jambo la kwanza ni kuokoa kumbukumbu. Ikiwa kompyuta bado inawaka, hata kwa dakika kumi, tunakili orodha za kilo, mishahara na wanachama katika flashi au diski nyingine, kisha tuichomoe na kuiweka mbali na mashine hiyo. Pawa saplai mpya hununuliwa dukani. Orodha ya miezi sita iliyopotea hainunuliki.

Jambo la pili ni kufungua daftari la hitilafu. Daftari la shule lenye mistari latosha. Kila ukurasa ugawanywe sehemu nne:

(a) Tarehe na saa kamili, kwa saa ya mkononi au ya ukutani, si kwa saa ya kompyuta.
(b) Mashine ilifanya nini: ilizima kabisa, ilizima na kuwaka tena yenyewe, iliganda, au ilionyesha maandishi. Kama kuna maandishi, yanakiliwe yote, hata kama hatuyaelewi, au yapigwe picha kwa simu.
(c) Wakati huo nini kingine kilikuwa kikiendelea: radi, mvua, jua kali, mota iliyowashwa, jenereta iliyobadilishwa, mtu aliyepita karibu na nyaya.
(d) Majina ya waliokuwapo, wasipungue wawili.

Mafundi husema kompyuta kama hiyo inajizima ovyo. Neno hilo maana yake ni kwamba bado hatujauona utaratibu wake. Kila hitilafu ina chanzo, na chanzo kina saa zake na mahali pake. Daftari ndilo linalokionyesha.

2. JINSI KOMPYUTA INAVYOAMKA

Tuifikirie asubuhi ya kiwanda. Kwanza umeme huwashwa. Pili msimamizi huzunguka akikagua kama mashine zote zipo na ni nzima. Tatu ghala hufunguliwa. Nne wafanyakazi huingia na kazi huanza. Kompyuta nayo huamka kwa hatua hizo nne.

Hatua ya kwanza ni umeme. Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha chuma chenye feni yake, nacho huitwa pawa saplai. Kinapokea umeme wa ukutani, ambao hapa Uganda ni volti 240, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Umeme huo ndio unaolisha sehemu nyingine zote.

Hatua ya pili ni ukaguzi. Programu ndogo iliyomo katika ubao mkubwa, ambao mafundi huuita madabodi, hukagua prosesa, ramu na vifaa vingine. Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote. Ramu ni kumbukumbu ya muda, yaani meza ya kazi: kilichopo juu yake hupotea mara umeme unapokatika. Ndiyo maana kilo ambazo hazijahifadhiwa hupotea.

Hatua ya tatu ni diski. Hilo ndilo ghala. Kilichohifadhiwa humo hubaki hata umeme ukikatika.

Hatua ya nne ni programu kuu, kama Windows, na baada yake programu ya mizani au ya mishahara.

Kompyuta ikikwama, swali letu la kwanza liwe hili: imekwama katika hatua ya ngapi? Hakuna faida kuweka programu upya katika mashine ambayo haipati umeme, wala kununua pawa saplai mpya kwa mashine ambayo diski yake imekufa.

3. KOMPYUTA ISIYOWAKA

Kuna hali tatu, na kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza: kimya kabisa, hakuna taa wala feni. Hapa tuanzie ukutani, si ndani ya kompyuta. Je, soketi ina umeme? Tuchomeke taa ya meza au chaja ya simu tuone. Je, ekstensheni ni nzima? Waya wa kompyuta umekaa sawasawa nyuma? Tujaribu waya mwingine wa aina hiyo. Nyuma ya pawa saplai nyingi kuna swichi ndogo. Huenda mfagiaji aliigusa bila kujua. Pawa saplai za zamani zina pia kiswichi chenye namba 115 na 230. Kwetu lazima kionyeshe 230. Kikiwa kwenye 115 na umeme wetu wa volti 240, pawa saplai yaweza kuungua papo hapo.

Kitufe cha kuwashia nacho huharibika. Kikikwama ndani, mashine huwaka kisha huzima baada ya sekunde nne hivi, kwa sababu kompyuta huona kama mtu amekibana kwa nguvu ili kuizima. Ni kitu kidogo cha plastiki, lakini watu wamekwisha kununua mashine nzima kwa ajili yake.

Kama yote hayo ni mazima na mashine bado kimya, pawa saplai inashukiwa. Njia rahisi ni kufunga nyingine iliyo nzima na kujaribu.

Hali ya pili: taa zawaka, feni zazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Tuhakikishe kwanza kwamba skrini yenyewe ina umeme na kwamba waya wake umechomekwa. Kisha tusikilize. Kompyuta nyingi za mezani zina spika ndogo ndani, nayo hulia kwa mlio mfupi au mrefu ikiwa ukaguzi umeona ubovu. Milio hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tuihesabu, tuiandike katika daftari, na tuilinganishe na kitabu cha madabodi hiyo.

Mara nyingi hali hii hutokana na ramu iliyolegea au yenye kutu katika meno yake. Mashine izimwe, plagi ichomolewe, ramu itolewe, meno yake yasuguliwe polepole kwa raba safi ya kufutia penseli, yapanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha irudishwe mpaka vishikio vya pembeni vijifunge. Kama ramu ni mbili, tujaribu moja moja. Mashine ikiwaka na ya kwanza ikakataa ya pili, tumempata mgonjwa.

Hali ya tatu: mashine yawaka, yaonyesha maandishi, lakini haifiki kwenye kazi. Tuondoe kwanza flashi zote zilizochomekwa, maana baadhi ya kompyuta hujaribu kuamkia kwenye flashi badala ya diski, zikakwama hapo. Maandishi yakisema kwamba diski haionekani, nyaya za diski zikaguliwe ncha zote mbili. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ikitoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, tusiendelee kuiwasha na kuizima. Kila mara inapowashwa inaweza kujiumiza zaidi. Apelekewe fundi mwenye ujuzi wa kuokoa kumbukumbu.

Tusisahau betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyomo katika madabodi. Ni ya volti 3 na hudumu miaka kadhaa. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe na saa kila inapotolewa umeme. Mashine nyingine husimama na kudai tubonyeze kitufe fulani kabla ya kuendelea. Nyingine huendelea kimya kimya huku tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma. Kwetu hili si jambo dogo. Kilo za mwezi huu zikiandikwa kwa tarehe ya mwaka mwingine, hazitaonekana katika jumla ya mshahara. Bei ya betri hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na ugomvi unaozuka siku ya malipo.

4. KOMPYUTA INAYOJIZIMA KATIKATI YA KAZI

Vyanzo viko vitano ambavyo hukutwa mara kwa mara. Tuvifuate kwa mpangilio huu, kuanzia nje kwenda ndani.

Umeme wa nje. Pawa saplai ya kompyuta huvumilia upungufu wa umeme kwa muda mfupi mno, usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Taa yaweza kufifia na kurudi tusitambue, lakini kompyuta imekwisha kuzima. Sababu zaweza kuwa soketi iliyolegea, ekstensheni moja iliyobebeshwa birika, feni na kompyuta, waya mwembamba na mrefu, au mota kubwa iliyo katika njia hiyo hiyo ya umeme.

Joto. Prosesa ina feni yake juu ya kipande cha chuma chenye mapezi. Vumbi likiziba mapezi, au feni ikichoka, joto hupanda. Nyingi huzima zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 ili zisiungue. Dalili yake ni kwamba mashine hufanya kazi vizuri asubuhi, huzima mchana, na ikipumzishwa huwaka tena. Katika viwanda vyetu vumbi ni la namna yake: nyuzi za chai, makapi ya miwa, manyoya ya pamba na katani. Dawa ni kuifungua mashine nje ya chumba, kupuliza vumbi huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke, na kuisogeza mbali na ukuta ipate hewa. Ile pesti ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na chuma chake ikikauka, ifutwe na kuwekwa mpya, kiasi cha punje ya choroko.

Pawa saplai iliyochoka. Fundi aipime kwa mita wakati mashine inafanya kazi. Umeme wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Ule wa volti 5 uwe kati ya 4.75 na 5.25. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, ibadilishwe. Atazame pia zile kapasita, vijikopo vidogo vilivyosimama juu ya madabodi. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kikivimba au kikitoa uji wa kahawia, imekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000, kompyuta nyingi sana duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita zilizotengenezwa vibaya kiwandani. Wala hazikuharibiwa na makarani waliozitumia.

Ramu. Ramu mbovu huifanya mashine igande, ionyeshe skrini ya buluu yenye maandishi, au iwake upya bila saa maalumu. Windows ina programu yake ya kupima ramu. Iachwe ipime usiku kucha. Kosa hata moja latosha kuitilia ramu shaka.

Diski na programu. Windows ikipatwa na kosa kubwa, kwa kawaida hujiwasha upya haraka kiasi kwamba hatuwahi kusoma skrini ya buluu. Fundi anaweza kuiamuru isijiwashe upya, ili maandishi yabaki tuyanakili. Virusi nao wamo, lakini tusiwasingizie kila kitu. Kuna jaribio rahisi: mashine ikizima hata kabla programu kuu haijaanza, kosa si la programu.

Tunarudia kanuni moja ambayo hata fundi mzoefu huisahau akiwa na haraka: badilisha kitu kimoja, kisha jaribu, kisha andika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Kesho ikizima tena utaanza upya.

5. KISA CHA KITUO CHA KUPIMIA

Katika kiwanda kimoja cha chai magharibi mwa Uganda, kompyuta ya kituo cha kupimia ilikuwa ikizima na kuwaka yenyewe karibu kila siku. Programu ziliwekwa upya. Pawa saplai ilinunuliwa mpya. Haikusaidia. Mwishowe karani wa kituo aliandikiwa barua ya onyo kwamba anachezea mashine ili kuwaongezea kilo rafiki zake, na sehemu ya mshahara wake ikakatwa kulipia pawa saplai ile. Wachumaji nao walikuwa na hasira, wengine kwa mwajiri, wengine kwa karani. Mwajiri alikuwa amekwisha kupata mtu wa kubeba lawama, na sisi kwa sisi tulikuwa tumeanza kugawanyika.

Kamati ya tawi ilikaa ikaamua mambo mawili. Kila mchumaji adai tiketi ya karatasi kila anapopima, bila kuondoka mpaka apewe. Na daftari la hitilafu lifunguliwe, likiandikwa na karani pamoja na mchumaji mmoja aliye katika foleni wakati huo.

Baada ya wiki mbili tulilisoma daftari. Mara chache mashine ilizima kwa sababu umeme ulikatika eneo zima. Mara moja mtu alijikwaa katika waya. Mara nyingine zote zilikuwa na jambo moja: katika sehemu ya tatu ya ukurasa paliandikwa kwamba feni kubwa za kunyaushia majani zilikuwa zimewashwa dakika ile ile. Siku ambayo majani yalikuwa machache na feni zile hazikuwashwa mchana, kompyuta haikuzima hata mara moja. Na karani alikuwa yule yule.

Mafundi wa umeme wa kiwanda walijua sababu mara walipoonyeshwa. Mota kubwa inapoanza moja kwa moja huvuta umeme mara tano hadi mara saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Kituo cha kupimia kilikuwa kimeunganishwa katika njia ya feni hizo, kwa waya mrefu na mwembamba. Mita iliyowekwa kwenye soketi ilionyesha volti zikianguka kila feni ilipoanza. Kituo kilipewa njia yake kutoka kwenye bodi kuu, na kompyuta ikapewa betri ya akiba, ile iitwayo UPS, inayoishikilia umeme ukiyumba. Mashine ikatulia.

Tulipokwenda kwa meneja hatukwenda kumwomba amhurumie karani. Tulimwekea daftari mezani, pamoja na vipimo vya mafundi wake mwenyewe. Barua ya onyo ilifutwa na fedha zilizokatwa zikarudishwa. Kilo zilizopotea zililipwa kwa wale waliokuwa na tiketi. Waliotupa tiketi zao hatukuweza kuwasaidia, na hilo ndilo jambo linalotuuma mpaka leo.

6. MAMBO YA HATARI

Tusiokoe kompyuta tukapoteza mtu.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kompyuta isifunguliwe ikiwa kwenye plagi. Kabla ya kugusa ramu au madabodi, gusa kwanza chuma kitupu cha kisanduku, ili umeme tulivu ulio mwilini, hasa wakati wa kiangazi, usiunguze vipande vya ndani.

Waya wa ardhini usikatwe kwa sababu plagi haiingii vizuri. Ukiguswa na mtekenyo wa umeme kwenye kisanduku cha chuma, acha kazi, mwite fundi umeme. Kukiwa na harufu ya kuungua au moshi, zima swichi ya ukutani kwanza, usimwage maji.

Na mfanyakazi asilazimishwe kutengeneza mashine ambayo hakuajiriwa kuitengeneza wala kufundishwa. Karani anayeambiwa na nyapara “fungua utazame” ana haki ya kuomba fundi.

7. MWENZETU ANAPOSHTAKIWA

Windows huweka kumbukumbu ya matukio yake, na fundi anaweza kuichapa kwenye karatasi. Tuiombe. Mtu akiizima kompyuta kwa utaratibu wa kawaida, tukio hilo huandikwa kwa nambari 1074, pamoja na jina la mtumiaji. Mashine ikizimika ghafla, baadaye huandikwa nambari 41, maana yake kwamba ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Lakini tuwe waangalifu: nambari 41 haisemi kama umeme uliyumba, kama pawa saplai imechoka, au kama mtu alichomoa plagi. Msimamizi hawezi kuitumia peke yake kumhukumu karani, na sisi hatuwezi kuitumia peke yake kumsafisha. Ikilinganishwa na daftari letu, saa kwa saa, ndipo inapokuwa na nguvu. Tukague pia kama saa ya kompyuta ni sahihi, kwa sababu ya ile betri ndogo tuliyoitaja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la mwenendo au kazi mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine amchaguaye mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Wengi wetu tumetoka sehemu mbalimbali, na wengine lugha ya ofisi hatuielewi vizuri. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mwite mjumbe wa tawi aketi nawe.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Neno makusudi ndilo la kushikilia. Kapasita iliyovimba si makusudi ya mtu. Na Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mishahara isikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo mtu akikatwa, tuulize: kwa kifungu gani?

8. KAZI YA KILA TAWI

Kabla ya somo lijalo tunaomba kila tawi lifanye haya:

(1) Daftari la hitilafu liwekwe karibu na kila kompyuta inayoandika kilo, saa za kazi au mishahara.
(2) Wachumaji na wapasuaji wakumbushwe kutunza tiketi mpaka mshahara wa mwezi huo ulipwe na kuhakikiwa.
(3) Orodha ya wanachama na michango iliyo katika kompyuta ya tawi inakiliwe kila Ijumaa, na nakala itunzwe na mweka hazina mahali pengine.
(4) Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, tudai iandikwe kwamba tiketi ya karatasi ni ushahidi halali wa kilo kompyuta inapopotelewa na hesabu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta inazima kila siku mchana, na ikipumzishwa nusu saa huwaka tena. Unashuku nini kwanza, na utahakikishaje bila kununua kitu?
2. Mashine imezima mara tatu wiki hii. Msimamizi anasema ni virusi na anataka karani alipie fundi. Utamwuliza maswali gani?
3. Katika kituo chenu cha kupimia, ni mashine gani nyingine iliyo katika njia moja ya umeme na kompyuta? Nani anajua? Kama hakuna ajuaye, mtamwuliza nani?
4. Kilo za jana zikipotea leo, ni wanachama wangapi wa tawi lenu wanaoweza kuonyesha tiketi zao?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa kukisia. Wanachama waambiwe mapema waje na tiketi zao mkutanoni, na katibu azihesabu.